Kutoka Kilole hadi Kiungani: Maisha ya Martin Kayamba na Suala la Utu Mpya wa Kikristo

1.0 Utangulizi

Katika masimulizi mengi ya kimisheni, kuingia Ukristo huelezwa kama kuvuka mto. Mtu huacha ng'ambo moja jina lake, ngoma zake, matambiko yake na ndugu zake, akapanda ng'ambo ya pili akiwa mtu mwingine. Picha hiyo ina nguvu yake, kwani imejengwa juu ya ishara ya ubatizo wenyewe. Hata hivyo, inapopimwa kwa maisha ya watu halisi, hasa wa nchi inayoanzia milima ya Usambara, ikapita Korogwe na bonde la mto Pangani na kuishia kwenye nyika za Uzigua upande wa Handeni, picha hiyo huonekana kuwa na upungufu. Badiliko halikuwa la siku moja wala la mtu mmoja. Lilichukua vizazi, na kila kizazi kiliacha kitu chake na kushika kitu chake.

Makala haya yanafuatilia suala hilo kupitia maisha ya Martin Kayamba Mdumi, aliyezaliwa mwaka 1891. Wanahistoria wanamkumbuka kama karani mkuu na msemaji wa Waafrika wa Tanganyika katika miaka ya 1920 na 1930, na wasomaji wa Kiswahili wanamkumbuka kama mwandishi wa Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotolewa mwaka 1932. Maelezo yake kuhusu maisha yake mwenyewe yamo katika mkusanyiko wa Margery Perham uitwao Ten Africans wa mwaka 1936, na John Iliffe aliandika juu yake katika Modern Tanzanians mwaka 1973. Jambo ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni kwamba Kayamba hakuongoka kamwe. Alizaliwa ndani ya Ukristo. Walioacha maisha ya zamani ni waliomtangulia, na yeye akarithi matokeo ya uamuzi ambao hakuufanya.

2.0 Kilole na Nchi Baada ya Kimweri

Kayamba alikuwa kitukuu cha Kimweri ye Nyumbai, mfalme Mkilindi aliyetawala Usambara kutoka Vuga na ambaye amri yake ilifika Bonde na sehemu za Uzigua. Babu yake, Mwelekwanyuma, alikuwa mtawala wa Kilole, jina ambalo hata leo ni la kata mojawapo ya mji wa Korogwe. Ukoo huo ulikuwa wa watu wa kuamrisha. Zumbe alikuwa mwamuzi, mpokea kodi na mlinzi wa matambiko, na katika itikadi ya Wakilindi mfalme wa Vuga alihusishwa hata na mvua na rutuba ya nchi. Kwa hiyo utawala na dini havikuwa vitu viwili vilivyoweza kutenganishwa.

Kimweri alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1860, na nchi ikachanika. Wanawe na wajukuu wake waligombea kiti. Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, alijipatia bunduki na wafuasi, na mwishoni mwa muongo huo Wabondei wakaasi dhidi ya Wakilindi katika vita vilivyoitwa Kiva. Vita hivyo vilizalisha mateka, na mateka waliuzwa kupitia bandari za Pangani na Tanga. Mtu huru wa leo aliweza kuwa mtumwa wa kesho. Habari za mfarakano huo ziliandikwa baadaye kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, Mwislamu aliyeishi karibu na watawala hao, katika Habari za Wakilindi. Inafaa kukumbuka kwamba sehemu za kitabu hicho zilichapwa na mtambo wa misheni ya Kikristo ya Magila.

Wamisionari waliingia katika nchi iliyokuwa katika hali hiyo. Johann Ludwig Krapf alikuwa amefika kwa Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852 bila kuacha kituo. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, yaani UMCA, ilihamia Unguja mwaka 1864. Mwaka 1867 Alington alifika Vuga kuomba ruhusa ya kujenga, na mwaka uliofuata kituo cha Magila kikaanza. Kilidumu kwa kusuasua hadi Farler alipokishika kuanzia mwaka 1875. Kutoka Magila kazi ilienea hadi Korogwe, na baadaye hadi Kideleko karibu na Handeni.

Kwa nini ukoo wa watawala ulikubali mtoto wao aingie katika shule za wageni hao? Mtu akisoma maandishi ya kimisheni peke yake atajibu kwamba ni nguvu ya Injili. Akisoma historia ya siasa peke yake atajibu kwamba ni hesabu ya watu waliotafuta rafiki mwenye nguvu wakati kiti cha Vuga kilipotikisika. Majibu yote mawili yanaweza kuwa ya kweli kwa wakati mmoja. Mtawala aliyejua kwamba ulinzi wa zamani umekwisha hakuwa na sababu ya kutenganisha ulinzi wa roho na ulinzi wa nchi, kwa kuwa katika mila yake mwenyewe havikuwa vimetenganishwa.

3.0 Kiungani: Kizazi Kilichoacha

Mwana huyo wa Kilole, baba yake Martin, ndiye aliyeitwa Hugh Peter Kayamba. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa eneo lake kupata elimu ya UMCA. Katika miaka ya 1880 alipelekwa Uingereza kusoma katika shule ya Bloxham, Oxfordshire, kisha akarejea kufundisha Kiungani, chuo cha misheni nje kidogo ya mji wa Unguja. Kama kuna mtu katika ukoo huu aliyevuka mto ule wa mfano, basi ni yeye.

Alichokiacha kinaweza kuorodheshwa. Misheni ilimtaka Mkristo awe na mke mmoja, aachane na uganga na hirizi, asishiriki matambiko ya mizimu. Katika Bonde iliwakataza pia waumini wake galo, yaani jando la wenyeji. Katazo hilo lilikuwa zito kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Galo ndilo lililomfanya mvulana kuwa mtu mzima wa kabila lake, mwenye haki ya kuoa, kusikilizwa barazani na kuzikwa kwa heshima. Aliyelikosa aliweza kusoma Zaburi kwa ufasaha, lakini machoni pa wajomba zake akabaki mtoto. Kusini, katika Masasi, Vincent Lucas alijaribu baadaye kulitatua tatizo kama hilo kwa kuliingiza jando ndani ya taratibu za Kanisa. Katika kizazi cha Hugh Peter Kayamba njia hiyo ilikuwa haijafunguliwa.

Aidha, kulikuwa na jambo lingine ambalo halikuandikwa katika kanuni yoyote ya misheni, nalo ni cheo. Wanafunzi wa mwanzo kabisa wa UMCA Unguja walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Watano wa kwanza walikabidhiwa kwa Askofu Tozer na Sultani Majid mwaka 1864. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo ambao vita na biashara vilikuwa vimewapokonya ukoo. Wana wa mazumbe kutoka bara walipoletwa Kiungani, waliketi katika benchi moja na watoto hao, wakala sahani moja na kupokea komunyo katika kikombe kimoja. Kwa mtoto aliyetolewa jahazini, Ukristo ulimpa ukoo pale alipokuwa hana. Mwana wa Kilole alitakiwa kuuweka kando ukoo aliokuwa nao. Utu mpya uliitwa kwa jina moja, lakini gharama yake haikuwa moja.

4.0 Mbweni: Kizazi Kilichozaliwa Ndani

Martin alizaliwa Mbweni, Unguja, tarehe 2 Februari 1891. Mbweni ilikuwa shamba lililonunuliwa na misheni mwaka 1871 na kufanywa kijiji cha watumwa waliokombolewa, pamoja na shule ya wasichana iliyoongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray. Majina kamili ya mtoto yalikuwa Hugh Martin Thackeray Kayamba, na jina la Mdumi likafuata. Orodha hiyo ya majina inastahili kutazamwa kwa makini. Hugh ni jina la ubatizo la baba. Thackeray ni jina la ukoo wa Kiingereza, lile lile la bibi mkuu wa Mbweni. Kayamba na Mdumi yanarudi bara. Mjukuu wa mtawala wa Kilole alizaliwa katika kijiji cha watumwa waliokombolewa, akiwa na jina la Kiingereza katikati ya majina ya baba zake. Hakuna hata jina moja lililofutwa, ila yalipangwa upya.

Jambo hilo hilo linaonekana katika lugha aliyolelewa nayo. Lugha ya ibada na ya darasa ilikuwa Kiswahili cha Unguja, kile ambacho Edward Steere alikiandikia kitabu cha mwongozo mwaka 1870 na kukitumia kutafsiri Agano Jipya lililotoka mwaka 1879. Steere na wenzake hawakubuni msamiati mpya wa imani. Walichukua maneno ambayo Waswahili Waislamu walikuwa wakiyatumia kwa karne nyingi: dini, imani, sala, roho, nabii, malaika, dhambi, toba. Hata kanisa, msalaba na Injili ni maneno yaliyopitia Kiarabu. Maneno kama padre na misa, yaliyotokana na Kireno, yalikuwa machache. Kwa hiyo Mkristo wa Kiungani alipokiri imani yake mpya aliikiri kwa maneno ambayo jirani yake Mwislamu aliyaelewa bila mkalimani. Kwa upande wa msamiati, utu mpya ulishonwa kwa kitambaa kilichokuwamo nyumbani. Matokeo ya kijamii ya ukweli huo yalidhihirika miaka thelathini baadaye katika mji wa Tanga.

Martin alisoma Unguja na Mombasa, kisha akahitimishia Kiungani. Baba angetaka mwana adumu katika kazi ya ualimu au ya Kanisa, njia ya kawaida ya kijana wa chuo hicho. Martin hakuishika. Kati ya mwaka 1906 na 1914 alifanya ukarani na biashara katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki na Uganda. Kwake Ukristo ulikuwa hali ya kawaida ya mtu aliyesoma, sawa na kuvaa viatu au kuandika barua, na haukuwa wito wa kuhubiri. Hapa ndipo tofauti ya vizazi inapoonekana wazi. Kwa baba, kalamu ilikuwa tunda la ubatizo. Kwa mwana, kalamu ilikuwa kazi, na ubatizo ulikuwa sharti lililotimizwa kabla hajazaliwa.

5.0 Gereza la Wajerumani, 1914-1916

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, Kayamba alikuwa Tanga, ndani ya koloni la Ujerumani. Nchi ya babu zake ilikuwa imebadilika. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, na mashamba ya mkonge yalikuwa yameenea bondeni. Baada ya Waingereza kushindwa katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Wajerumani waliwashuku watu wote waliohusiana na misheni ya Kiingereza. Mapadre, walimu na waumini wa UMCA kutoka Bonde, Korogwe na kwingineko walikamatwa kwa tuhuma za kuwapasha adui habari. Walifungwa minyororo, wakapigwa na kufanyishwa kazi ngumu, na baadhi yao walikufa. Padre Samuel Sehoza, aliyekuwa miongoni mwao, aliandika baadaye kwa Kiswahili habari za mateso hayo. Kayamba naye alishikwa.

Kipindi hiki kina uzito wa pekee katika suala la makala haya. Hadi wakati huo Ukristo wa Kayamba ulikuwa haujamgharimu kitu. Ulikuwa umempa shule, lugha ya pili na mshahara. Katika minyororo uligeuka kuwa alama ya kumtambulisha mtuhumiwa. Hapakuwa na mfungaji aliyeuliza kama mtu huyu ni mjukuu wa Mwelekwanyuma au ni mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, wala kama anahudhuria misa kila siku au mara moja kwa mwaka. Ilitosha kwamba ni mtu wa misheni. Ule usawa uliohubiriwa katika benchi la Kiungani ulitimizwa kwa namna ya kikatili katika mnyororo mmoja.

Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliteka Korogwe na Handeni. Tanga iliangukia mikononi mwao Julai, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji waliingia Tabora, mahali walipokuwa wamekusanywa wafungwa wengi wa misheni. Kayamba alitoka akiwa hai. Imani yake kwamba utawala wa Kiingereza ni mlinzi wa mtu wake, ambayo wasomaji wa baadaye waliiona kuwa unyenyekevu uliopita kiasi, haina budi kusomwa pamoja na kumbukumbu hiyo.

6.0 Tanga: Mahali pa Zumbe

Mwaka 1917 Kayamba aliingia katika utumishi wa Waingereza mjini Tanga, akapanda hadi kuwa karani mkuu. Tarehe 24 Machi 1922 chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika wa Tanganyika kilianzishwa mjini humo chini ya uongozi wake. Kilikuwa mahali pa kusomea magazeti, pa kujifunzia na pa kuchezea, na wakati huo huo kilikuwa baraza la kuifikishia serikali maoni ya watumishi hao.

Muundo wa chama hicho ndio unaostahili kuangaliwa. Wanachama walikuwa Wakristo waliosoma katika shule za misheni na Waislamu waliosoma katika shule za Wajerumani, hasa ile mashuhuri ya Tanga. Walitoka makabila mengi. Mkristo wa kizazi cha kwanza, aliyekatazwa galo na kutengwa na wajomba, alihitaji mpaka mkali kati yake na wasioamini ili imani yake isimezwe. Kayamba hakuhitaji mpaka huo. Alikuwa Mkristo bila ya kulazimika kuthibitisha kila siku kwamba si kitu kingine. Kwa hiyo aliweza kuketi na karani Mwislamu kama mwenziwe katika ustaarabu ule ule, wakisema lugha ile ile, yenye neno moja kwa dini ya kila mmoja wao.

Hata hivyo, chama hicho hakikumjumuisha kila mtu. Mkulima wa Handeni na kibarua wa mkonge wa Korogwe hawakuwa na kiti ndani yake. Mpaka wa zamani kati ya mwamini na asiyeamini ulikuwa umelegea, lakini mwingine ukawekwa, kati ya aliyesoma na asiyesoma. Katika mpaka huo mpya Kayamba alikaa upande wa wenye amri, kama babu yake. Yamkini ndiyo maana Waingereza, ambao katika miaka ya Gavana Cameron walikuwa wakirejesha utawala wa jadi na mwaka 1926 wakawarudisha Wakilindi madarakani Usambara, hawakuona ugumu kumtumia kama mshauri wa mambo ya wenyeji. Kiti cha Kilole hakikuwa chake tena, bali kazi ya kusema kwa niaba ya watu ilikuwa imemrudia kwa njia ya kalamu.

7.0 London, Dar es Salaam na Swali la Kurudi

Mwaka 1931 Kayamba alisafiri hadi London pamoja na Francis Lwamgira wa Bukoba na Mtemi Makwaia wa Usukuma, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza pendekezo la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Waafrika wa Tanganyika walihofia kwamba muungano huo ungewaweka chini ya walowezi wa Kenya, na mashahidi hao waliupinga. Pendekezo halikutekelezwa. Safari hiyo ndiyo iliyozaa kitabu chake cha Kiswahili, kilichoandikwa kwa nathari ya moja kwa moja, ya mtu anayewaeleza wa nyumbani alichokiona. Kitabu hicho kilitoka wakati Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu na Kamati ya Lugha ilikuwa imeanza kazi mwaka 1930. Lugha ambayo Kayamba aliirithi kama lugha ya Kanisa ilikuwa inakuwa lugha ya nchi nzima.

Mwaka 1932 alihamishiwa makao makuu ya serikali Dar es Salaam, katika cheo ambacho hakuna Mwafrika mwingine wa Tanganyika aliyekuwa amekifikia katika utumishi huo. Kwa vipimo vya Kiungani hapo ndipo safari ya utu mpya ilipopaswa kukamilika. Mambo hayakuwa hivyo. Cheo kilikuwa kikubwa kwa jina, uwezo wa kuamua ukabaki kwa wengine. Alistaafu mapema, akafariki kabla ya kutimiza miaka hamsini. Kitabu chake cha Kiingereza, African Problems, kilitolewa mwaka 1948, yeye akiwa ameshafariki.

Kitabu hicho kinashangaza kinapowekwa kando ya maisha ya mwandishi wake. Mtu aliyelelewa Mbweni, aliyeishi kwa mshahara wa ofisi na kuvaa suti ya Kizungu, anageuka kutetea kijiji, ardhi na mila njema za wahenga, na kuwaonya wasomi wenzake juu ya kuiga bila ya kuchagua. Hakuwa anataka kurudi katika matambiko ya Kilole, kwa kuwa hakuwahi kuyaishi na imani yake haikumruhusu. Alichotafuta ni nchi ambamo Mkristo asingelazimika kuwa Mzungu nusu. Suala hilo halikuweza kuulizwa na baba yake, aliyekuwa na kazi ya kuvuka. Liliweza kuulizwa na mwana aliyezaliwa ng'ambo ya pili, akatazama nyuma na kuuliza ni vitu gani viliachwa kwa sababu ni viovu, na ni vipi viliachwa kwa sababu tu havikufahamika kwa waliotoa amri.

8.0 Hitimisho

Wazalendo wa miaka ya 1950 hawakuwa na nafasi kubwa ya kumsifu Kayamba. Alipokea nishani ya MBE, aliwaamini Waingereza kupita kiasi, na alijiona msemaji wa watu ambao hawakumchagua. Hoja hizo ni za haki. Pamoja na hayo, chama alichokiongoza Tanga kiliwatangulia Waafrika wa Chama cha African Association kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1929, ambacho kwa hatua kadhaa kilikuja kuzaa TANU mwaka 1954. Desturi ya Mkristo na Mwislamu kuketi katika chama kimoja na kujadiliana kwa Kiswahili ilikuwa tayari imejaribiwa.

Kuhusu suala la utu mpya, maisha yake yanaonyesha mambo matatu. Kwanza, kuacha maisha ya zamani halikuwa tendo moja, kwani gharama yake ilitegemea mtu alikuwa nani kabla ya kubatizwa. Pili, utu mpya ulijengwa kwa vifaa vya zamani: majina ya ukoo yalibaki katika orodha ya majina ya Kikristo, maneno ya Kiislamu yalibeba imani ya Kikristo, na wajibu wa zumbe ulijificha ndani ya kazi ya karani. Tatu, aliyezaliwa ndani ya badiliko hilo ndiye aliyelazimika kulipima, kwa kuwa hakuwa na kumbukumbu yake mwenyewe ya kile kilichoachwa, na kwa sababu hiyo hakuweza kukidharau wala kukitukuza kwa urahisi. Kwa mtafiti wa historia ya Ukristo katika Korogwe na Handeni, hali hii inadai kwamba daftari za ubatizo zisisomwe peke yake. Zinaeleza siku ambayo mtu aliingia. Hazielezi wajukuu wake walirudi kutafuta nini.